Mifano ya Mama Privatus

Ngenge, Muleba
12 Machi 2023

Shangazi yangu Georgina,

Shikamoo. Huku tumeamka wote. Lilian anaota meno, juzi amemng'ata baba yake kidole mpaka Privatus akapiga kelele kama mtoto mwenzake. Privatus yuko Muleba mjini wiki hizi, anajenga, anarudi Jumamosi. Mama mkwe wangu, Mama Klaudia, mgongo unamsumbua lakini hakubali kukaa. Mvua imeanza, tumepanda maharage. Na wewe huko Nyanga? Kahawa imechanua? Tangu ustaafu ualimu nadhani unapata muda wa kukaa kibandani ukaitazama.

Shangazi, Shaban wa fuso ya mahindi amenifikishia kifurushi chako. Nilifungua hapo hapo barabarani. Nilipoona umeniandikia madaftari kwa mkono wako mwenyewe, kurasa arobaini na mbili, nilikaa chini kwenye nyasi. Sikujua kama bado unanikumbuka kiasi hicho. Asante. Nimeiandika mara moja tu hapa lakini nimeisema nyingi.

Nimeshajiandikisha. Novemba nitafanya mtihani wa kidato cha nne pale Muleba, mtahiniwa wa kujitegemea. Privatus anajua na amekubali. Masomo mengine nayaburuta, lakini fasihi ya Kiingereza ndiyo inayonitoa jasho. Yale majina uliyoniandikia, simile, metaphor, personification, na ndugu zao wote, nimeyakariri na maana zake. Nikiamshwa usingizini nayataja. Ila nikifungua shairi, siyaoni. Naangalia mistari na yenyewe inaniangalia. Nifanye nini?

Simu usipige sana, mtandao huku mpaka upande kichuguu.

Mwanao,
Annastella


Nyanga, Bukoba
2 Aprili 2023

Mwanangu Stella,

Marahaba. Barua yako imenikuta nikianua nguo, mvua ikinifukuza. Kahawa imechanua, ndiyo, na nyuki wamekuja, na mimi nipo. Presha inapanda na kushuka, nameza dawa. Mpe Lilian busu, mwambie ang'ate hicho kidole kingine.

Sasa kazi. Kwanza, tutaandikiana, hatutapigiana. Mtihani unaandikwa kwa mkono, na mkono wako umekaa miaka miwili bila kalamu tangu ulipokatiza masomo.

Pili, kosa lako ni la wanafunzi wangu wote wa miaka thelathini. Mnadhani hizi tamathali zinaishi Ulaya. Mtu anakariri kwamba simile ni kulinganisha vitu viwili kwa neno "like" au "as", halafu mfano anaotoa ni ule ule wa simba aliousoma kwenye kitabu, na simba mwenyewe hajawahi kumwona. Mtahini anakuuliza mfano, na mfano ndio unaomwonyesha kama umeelewa.

Fanya hivi. Funga daftari. Kaa nyumbani kwako usikilize watu wakiongea, kwa Kiswahili au kwa Kihaya, vyovyote. Kila ukisikia mtu amesema jambo lisilo sawasawa na lilivyo, liandike. Kisha ulitafutie jina. Kiingereza tutakiweka mwishoni. Niletee matano.

Na usinishukuru hivyo, mwanangu. Sipendi.

Shangazi yako,
Georgina


Ngenge
18 Juni 2023

Shangazi,

Shikamoo. Nimechelewa, usinikasirikie. Lilian aliugua malaria, sasa amepona na anakula kuliko mimi. Mahindi yamebeba vizuri. Privatus amehamia kazi nyingine, anajenga darasa, anasema tofali la juu kabisa ataliandika jina langu kwa penseli ndani ya saruji.

Nimesikiliza kama ulivyosema. Shangazi, nilikuwa naishi ndani ya kitabu sikujua! Haya, matano:

Simile, yaani tashbihi: "Unakaa na hilo daftari kama mgonjwa anayesubiri kuitwa dirisha la dawa."

Metaphor, sitiari: "Kichwa chako ni gunia lililotoboka. Unajaza juu, yanatokea chini."

Personification, tashihisi: "Jembe limeniuliza leo, mke wa Privatus kahamia wapi?"

Hyperbole, mubalagha: "Maharage yameungua mpaka harufu wameisikia Bukoba."

Irony, kejeli: Niliingia jikoni nimechelewa, nikaambiwa, "Karibu mwalimu mkuu. Tukuletee kiti, au utasimama kuhutubia?"

Nimepata sawa? Naomba unisahihishe kwa kalamu nyekundu kama zamani.

Halafu swali. Kwenye orodha ya mtaala niliyoazima kwa mwalimu wa hapa kuna neno euphemism. Kwa Kiswahili ameniambia ni tasfida. Kwenye madaftari yako kila neno lina ukurasa wake ila hilo. Umeliandika juu, chini ukaacha peupe. Labda ulichoka. Naomba unieleze.

Mengine ni mazuri tu. Nasoma mchana Lilian akilala.

Asante sana, hata kama hupendi.

Annastella


Ngenge
13 Agosti 2023

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Sijapata jibu la barua ya Juni. Shaban fuso yake ilikufa gia na imekaa gereji muda mrefu, kwa hiyo sijui kama ulipata. Naandika tena, nampa huyu huyu, hakuna mwingine.

Tumevuna. Nina habari ya kukuchekesha.

Ile mifano mitano yote ilikuwa ya Mama Klaudia. Sikukuandikia jina lake, nikaona aibu. Ukweli ni kwamba alikuwa hataki nisome. Nikishika daftari, ananiwekea mtoto mapajani, anakwenda zake shambani. Nilikuwa nasoma Lilian akilala, na Lilian hapendi kulala.

Basi siku moja tunapukuchua mahindi, akasema neno, mimi nikachomoa kalamu kwenye nywele nikaandika haraka. Akaniona.

"Unaandika nini?"

"Hamna kitu, Mama."

"Nimesema, umeandika. Unanishtaki kwa nani? Kwa Privatus?"

Nikaogopa, nikamweleza yote. Kwamba maneno yake nampelekea shangazi Bukoba. Kwamba aliposema jembe limeuliza, hiyo ina jina, inaitwa personification, na inaulizwa kwenye mtihani wa taifa.

Alipukuchua gunzi zima. Halafu akasema, "Kumbe miaka yote hii mimi naongea Kiingereza?"

Shangazi, tulicheka mpaka mahindi yakamwagika.

Tangu siku hiyo ni mtu mwingine. Anamchukua Lilian asubuhi, ananiambia kaa usome. Na jioni anakuja na mifano aliyoitunga njiani! "Andika hii: mbuzi wa jirani Karugendo ana tamaa kama mwenyewe. Hiyo ni ipi?" Namwambia tashbihi. "Haya, kesho nitakuletea ile ya kutia chumvi." Amesema Novemba tutakwenda naye Muleba, tufikie kwa dada yake, yeye ashike mtoto nikiwa chumba cha mtihani. Bila yeye nisingeweza, maana Lilian bado ananyonya na hakai na mtu mwingine.

Nina furaha, Shangazi. Lile neno langu moja usilisahau.

Mwanao mwenye shukrani,
Annastella


Nyanga
27 Agosti 2023

Kwa mkwe wetu Mama Privatus,

Salamu kwako na kwa nyumba yako. Mimi ni Georgina, shangazi wa mkamwana wako, Annastella. Hatujaonana tangu siku ya posa. Naamini shamba linakwenda vizuri.

Nisamehe nikiingia moja kwa moja. Nimepata mwishoni mwa Julai barua ya mwanangu ya mwezi Juni. Hakulalamika hata kidogo, hana tabia hiyo. Ameniletea mifano ya somo lake, na mifano hiyo nimeisoma mara nyingi kuliko alivyokusudia. Yote mitano ni sahihi. Yote mitano imetoka kinywa kimoja, na si cha mume wake, maana mume hayupo nyumbani. Mtoto anaambiwa kichwa chake gunia bovu. Anasimangwa kwa maharage. Anaitwa mwalimu mkuu kwa dhihaka.

Mama Privatus, binti yule ana akili nzuri kuliko wote niliowafundisha. Aliwahi kukatiza masomo mara moja. Sitakaa kimya aukose mtihani mara ya pili kwa sababu ya ulimi wa mtu. Kama mtoto mdogo ni mzigo kwako, niambie, nitakuja kuwachukua mama na mwana wakae kwangu mpaka Novemba.

Nimesema kwa heshima.

Georgina


Ngenge
17 Septemba 2023

Kwa Mama Georgina,

Hii ni barua ya Klaudia, Mama Privatus. Anayeandika ni Annastella, lakini maneno ni yangu, nimemwambia asibadilishe hata moja, naye ameapa.

Hujambo mkwe. Sisi hatujambo. Mtoto mzima, mgongo wangu mbaya, mahindi yameuzwa.

Barua yako imefika Alhamisi. Mimi shule sikuiona, kwa hiyo nilimpa huyu anisomee. Akaanza vizuri, salamu salamu, halafu akanyamaza. Midomo inakwenda, sauti haitoki. Nikamwambia, "Soma yote, wewe si chujio la chai." Akasoma analia. Nilikuwa nimempakata Lilian, tukasikiliza wote wawili.

Nakujibu. Ni kweli niliyasema. Sikatai hata moja. La gunia nililisema, la jembe nililisema, na lile la kiti nililisema nikiwa nimeshiba kabisa, si kwamba nilikuwa na njaa ya kunitia hasira. Yapo na mengine hakuyaandika, ana bahati nilikuwa nachoka mapema.

Nitakwambia na sababu. Nilidhani anajifunza ili atuache. Mwanangu ni fundi wa matofali. Nikawaza, huyu akimaliza hivyo vitabu atamtazama Privatus kama mtu aliyekuja kuomba maji. Na atakwenda na mjukuu wangu. Niliogopa, ndipo nikawa mkali.

Sasa siogopi. Habari hiyo ameshakuandikia mwezi wa nane, lakini Shaban ametuletea barua yako na ile yetu bado anayo, imekaa kwenye kioo cha mbele inapigwa jua! Nimemtukana kwa tamathali zote. Ataileta pamoja na hii. Ukiisoma utaona mtu unayemgombeza alishaondoka, umemkuta mwingine.

(Shangazi, ni mimi Stella. Hapa nilimwomba aishie hapo. Amekataa.)

Lipo neno moja. Umeandika mara mbili, huyu aliniambia iko hata kwenye barua yako ya kwanza kwake, kwamba binti alikatiza masomo. Mkwe, kukatiza ni mtu kufika njiani akageuka mwenyewe. Huyu alifukuzwa. Mimi nilimpokea hapa kibanjani, kwenye migomba yetu, na sanduku la bati kichwani na tumbo la miezi mitano, miguu imevimba. Sikumuuliza neno. Nilimkandia miguu kwa maji ya moto.

Alikuwa anakaa kwako. Alikuwa anasoma shule unayofundisha wewe. Nauliza tu kwa heshima, kama ulivyosema: siku ile ulimsindikiza mpaka wapi?

Usipojibu hatutagombana. Novemba naenda Muleba na mtoto wangu, na mtihani atafanya.

Klaudia, kidole gumba hiki hapa.


Nyanga
8 Oktoba 2023

Stella mwanangu, na umsomee Mama Privatus pia, yote, usichuje,

Nimepata barua zote mbili siku moja. Nilianza na ya Septemba, nikasoma ya Agosti baadaye, kwa hiyo nilikula uchungu kwanza ndipo nikaletewa kicheko. Nimestahili mpangilio huo.

Mama Privatus, naomba radhi. Nimefundisha miaka thelathini kwamba usihukumu mtu kwa mstari mmoja uliokatwa kwenye ukurasa, nami nimekuhukumu kwa mitano. Asante kwa yale maji ya moto. Sikuyajua.

Stella, uliniuliza neno moja mara mbili. Sikuchoka. Kila nilipotaka kuujaza ukurasa ule, mfano uliokuwa unakuja ni mmoja tu, nikaweka kalamu chini. Sasa uandike.

Euphemism, tasfida: kutumia maneno laini mahali pa maneno yanayouma, ili msemaji au msikilizaji asiumie.

Mfano: "Mwanafunzi alikatiza masomo."

Maana yake: Tulimfukuza. Julai 2021, ofisi ya walimu, tulikuwa kumi na wanne. Mkuu wa shule alisoma jina lako, akauliza kama kuna mwenye neno. Nilikuwa nalo. Wote walijua wewe ni mtoto wa kaka yangu, wakanitazama. Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja kustaafu, niliogopa wangesema nimekufundisha Kiingereza nikashindwa kukulea. Nikainamia madaftari ya kusahihisha. Nilitia alama ya vyema kwenye jibu ambalo lilikuwa kosa, naikumbuka hadi leo. Niliporudi nyumbani ulikuwa umeshaondoka. Kitanda umekitandika.

Sikukusindikiza popote, Mama Privatus. Ndilo jibu.

Kwa hiyo uliponishukuru kwa madaftari, nilikuwa nataka kukwambia acha, lakini sikuwa na ujasiri wa kueleza kwa nini. Ukitaka kuacha kuniandikia, nitaelewa. Lakini jibu la ukurasa ule usiliache, linaweza kuulizwa.

Georgina


Muleba
Novemba 2023

Shangazi yangu,

Shikamoo. Hatujambo. Nakuandikia nimekaa barazani kwa dada yake Mama Klaudia. Privatus alikuja jana kwa pikipiki kutuona, ameleta senene, wale panzi wetu, wa kukaanga kwenye kopo, Lilian amewamaliza. Presha yako inaendeleaje?

Fasihi tumefanya leo asubuhi.

Nakuhadithia. Lilian alinyonya saa moja na nusu asubuhi, nikamwacha kwa Mama nje ya uzio. Mlinzi akamwambia, "Bibi, sogea, hapa ni eneo la mtihani." Mama akamjibu, "Mimi ndiye niliyetunga majibu, nikisogea watafeli." Mlinzi alimwachia benchi lake.

Swali la tamathali lilikuwepo. Tulitakiwa kueleza nne na kutoa mifano. Nilipoliona nikaanza nalo. Sikutafuta simba. Niliandika mfano wa jembe, nikaandika wa gunia, kwa Kiingereza changu, nikaandika wa tatu nilioutunga mwenyewe kuhusu mvua ya huku. Wa nne nilichagua tasfida. Nikaandika maana kama ulivyonipa, neno kwa neno. Mfano nikaweka mwingine. Ule wako sikuuandika, Shangazi. Mtahini hanifahamu, na hakufahamu wewe. Ule ni wetu.

Sijui nimepata nini. Najua niliandika mpaka kengele, na karatasi ya ziada nikaomba.

Sasa barua yako. Niliisoma kwa sauti, kama ulivyotaka. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Amejibu," akaenda kuchota maji. Hajasema lingine, ila siku ya pili alinipa mfuko wa maharage mapya, ni wako, Shaban atakuletea.

Na mimi nina langu nililolificha. Nilijua. Immakulata aliyekuwa anafagia ofisi ya walimu alinitumia habari mwezi ule ule, kwamba uliulizwa ukainama. Nilikukasirikia mimba nzima. Lilian alipozaliwa nikamtazama vidole vyake, na nikaanza kuelewa kidogo mtu anavyoweza kuogopa. Si kuelewa kote. Kidogo.

Halafu yakaja madaftari. Kurasa arobaini na mbili, Shangazi, na presha yako. Nikajiuliza, nimuulize au nimwache anifundishe? Nikaona nikikuuliza utajitetea au utalia, na Novemba haisubiri. Nilitaka mwalimu kuliko nilivyotaka jibu. Lile swali la ukurasa mweupe nililiuliza kwa ajili ya mtihani, nakuapia, lakini siwezi kusema ilikuwa kwa ajili ya mtihani tu.

Ulinikataza kukushukuru nami sikukutii hata mara moja, kwa hiyo sitaanza leo. Asante kwa madaftari, na kwa kumwandikia Mama barua ile kali, maana ulikosea mtu lakini safari hii hukuinama. Hilo nililisikia nilipokuwa naisoma nalia. Mama hakujua nalia kwa nini. Sasa anajua.

Matokeo yanatoka mwakani. Mimi sitayasubiri. Baada ya mitihani tunapitiliza Bukoba, mimi na Lilian, Mama anarudi Ngenge kupalilia. Lilian nimemfundisha kusema "Shikamoo Bibi", anaisema kwa mbuzi, kwa kuku, kwa kila mtu, atakapokufikia itakuwa imenyooka.

Siku ile nilitokea mlango wa jikoni, nikapita migombani ili majirani wa Nyanga wasinione. Safari hii tutapita barabarani, mchana, tubishe hodi mbele. Ufungue wewe mwenyewe.

Annastella